Jarida Lisilo na Picha ya Mzee Wilondja

Nyinyi mnaojifunza kompyuta hapa kambini Dzaleka mna tabia moja nimeiona nikipita madirishani kwenu: mnaanza na picha. Mtu hajajua atasema nini, lakini ua la kuweka pembeni ameshalichagua. Siwacheki. Mimi pia nilianzia huko huko, na kama mwalimu wangu Papa Deo asingenizuia ningekuwa hata leo napanga maua. Sasa kazi nimeiacha. Macho yamechoka, mgongo umechoka, nami nalima lenga-lenga, mchicha wetu, nyuma ya nyumba. Lakini kwa kuwa hamkomi kuja kuniuliza jarida la barua pepe linatengenezwaje, nimeona niandike mara moja, msome wenyewe, mniache nimwagilie mboga zangu.

Kazi yangu ilikuwa hiyo tu kwa miaka mingi: jarida la umoja wa makanisa yetu, sisi tuliotoka Kivu ya Kusini. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Area 23, Lilongwe, nyuma ya duka la fundi redio. Ndani ya jarida tuliweka ndoa, watoto waliozaliwa, vifo, mafundi cherehani wanaotafuta wateja, kwaya zinazosafiri. Lilikwenda kwa watu wetu wa kambini, wa mjini, na waliotawanyika nchi nyingine. Mtauliza kwa nini barua pepe, wakati kila mtu ana makundi ya simu. Kwa sababu mtu wetu huacha namba ya simu kila mpaka anaouvuka, lakini anwani ya barua pepe aliyofunguliwa na binamu yake zamani hubaki nayo. Anaweza kunyamaza mwaka mzima, siku moja akafungua na kukuta barua zako zote zinamsubiri.

Sasa sikilizeni jambo kubwa la kazi hii. Picha zako hazifiki.

Mtu wa kambini ananunua bando dogo, na simu yake ameiagiza isifungue picha yoyote mpaka aiombe. Mtu wa ofisini mjini, kompyuta yake imewekwa izuie picha za watu isiowajua, na sisi hatujulikani. Mwingine mtandao wake hukatika kila wingu likipita. Basi kila unapopamba, jiulize: picha zikiondoka, kinabaki nini? Kama hakibaki kitu, umetuma bahasha tupu.

Haya sikuyajua kwa akili yangu. Nilifundishwa na Papa Deo, aliyenitangulia katika kazi ile. Kule Bukavu alikuwa na sekretaria, kile chumba cha kuwapigia watu barua kwa mashine, na kabla ya kompyuta alikuwa akichapa matangazo ya kanisa kwa roneo, mashine ya kunakili kwa wino. Roneo haikujua picha. Ilijua herufi, mstari na nafasi tupu, basi. Tena wino wake ulikuwa na tabia ya kuishia njiani, ukurasa unatoka mweusi juu na kufifia chini. Kwa hiyo Papa Deo alizoea kuweka jambo lenyewe juu kabisa, na mapambo ya maneno chini, huko ambako yakipotea hakuna atakayeyalilia. Alipokuja kwenye barua pepe hakubadilisha kitu. Sisi vijana wa wakati ule tulimwona mtu wa kale. Kumbe simu zenye picha zilizofungwa zilikuwa zimeturudisha kwenye roneo bila kutuambia.

Alikuwa mtu mkavu, hasifu. Nikimpelekea jarida, haliangalii. Ananiambia, "Fumba macho, nikusomee." Nafumba. Anasoma kila kitu kilichoandikwa, na mahali penye picha ananyamaza. Kimya kikiwa kirefu, najua nimeharibu. Halafu anauliza, "Sasa ulisikia nini? Banataka ufanye nini?" Kama sikuweza kujibu, ananirudishia. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Papa Deo alisema mwenye macho ndiye wa kuambiwa kila siku, maana anadhani wote wanaona anachokiona yeye.

Mara ya kwanza kuachiwa jarida peke yangu, lilikuwa tangazo la mafundi cherehani wanaoshona sare za shule. Nilichora kitufe kizuri, rangi ya machungwa, kimeandikwa "Agiza hapa". Nilikichora kama picha, nikakiweka katikati, nikatuma, nikakaa kungoja sifa. Simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa hapo hapo Area 23, mteja wetu wa zamani, anayesema Kiswahili cha kwetu Kivu, ambacho "paka" ni "tu" na "njo" ni "ndiyo".

"Maman Noella, minaona paka kasanduku kadogo, na kamusalaba ndani yake. Kuko mutu alikufa?"

"Hapana, mama. Ni kitufe cha kuagiza sare."

"Ya kuagiza? Kwa hiyo nikigusa musalaba njo batashona?"

Tangu siku ile kitufe changu kilikuwa maandishi. Unachukua kisanduku cha jedwali, unakipa rangi ya nyuma, unaandika ndani yake kwa herufi za kweli. Picha zikifungwa, rangi inabaki na maneno yanabaki. Na usiandike "bonyeza hapa". Hapa wapi? Andika kinachotokea akibonyeza: "Agiza sare ya mtoto wako". Namba ya simu nayo iwe maandishi, ili kidole kikiigusa simu ipige yenyewe. Nimeona vijana wakipiga picha karatasi yenye namba na kuituma picha hiyo. Kwa kweli sijui niwaambie nini.

Halafu kuna maneno ya akiba, yale yanayokaa nyuma ya picha na kuonekana picha isipofunguka. Usipoyaandika wewe, programu nyingine huweka jina la faili. Mimi nilikuwa na mazoea ya kuchukua jarida la zamani na kubadilisha vitu ndani yake, na mwaka mmoja nilikuwa nimetangaza mbuzi wa sikukuu. Jarida lililofuata likawa na kwaya mpya ya akina mama, wamevaa vitenge vya aina moja, wamependeza. Picha niliibadilisha. Maneno ya nyuma sikuyabadilisha. Nusu ya wasomaji wakaona kichwa cha habari "Karibuni Kwaya Yetu Mpya", na chini yake kisanduku kilichoandikwa "mbuzi wanene wa krismasi". Wale akina mama walikaa wiki kadhaa bila kuniitikia salamu kanisani, na mmoja wao hata leo tukikutana kisimani anapitia upande wa pili.

Kwa hiyo andika maneno ya akiba kama unamweleza mtu kwa simu: ni nani, wanafanya nini, kwa nini tuwaangalie. Kama picha ni ua tu la kujaza nafasi, acha maneno hayo matupu kabisa. Hili nililijua vizuri Papa Deo alipoanza kupoteza macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemshika pande zote mbili, akawa anaiachia simu imsomee barua kwa sauti. Siku moja nilimkuta anaisikiliza: "Ua. Mstari. Ua. Mstari. Ua." Akaniuliza kwa upole kama nimeanza kazi ya bustani.

Na msiandike herufi nyeupe juu ya picha nyeusi bila kuweka rangi nyeusi nyuma yake. Picha isipokuja, nyeupe inakaa juu ya nyeupe, na mtu anapokea salamu za Pasaka zisizoonekana hata chembe. Sitawaambia ni nani alifanya hivyo. Si mimi, na ameomba nisimtaje.

Hayo ni ya ufundi, na mngeyapata popote. Sasa nitawaeleza habari ya Mzee Wilondja, Mungu amlaze, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwamba picha inaweza kudhuru hata inapofika.

Mzee Wilondja alikuwa mkulima wa Fizi, na hapa kambini aliendelea kulima. Alikuwa na binti mmoja tu aliyebaki naye, Mapendo, fundi wa kushona. Mapendo alimpenda kijana dereva. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Kosa lake ni kwamba hakutuma wazee kuja kwa baba kuposa inavyopaswa, alikuja akamchukua binti wakaondoka. Mzee akasimama mbele ya watu wa kanisa akasema Mapendo asionekane tena machoni pake. Kwetu neno la baba likisemwa mbele ya watu si kama neno lililosemwa jikoni. Linakaa. Mapendo alisikia, akaiacha namba yake ya simu, na watu wakasema amefika Afrika Kusini.

Miaka ikapita. Mzee akaugua, akapelekwa hospitali ya misheni ya Likuni. Waganga walisema wazi kwa familia kwamba kama kuna mtu wa kumwona, asikawie. Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Dada yake mzee, aliyekuwa anamuuguza, alikuja ofisini akakaa kwenye benchi na kusema, "Nakuomba, munitafutie huyu mutoto. Kaka anakufa na roho mbili." Tulichokuwa nacho cha Mapendo ni anwani yake ya barua pepe, ya enzi alipokuwa anaimba kwaya. Jarida lilikuwa bado linamwendea kila mwezi. Kama analifungua au halifungui, hakuna aliyejua.

Mwenyekiti wetu wakati ule alikuwa Mchungaji Byamungu, mtu wa Bukavu kama mimi, mwenye moyo mkubwa na macho ya kupenda rangi. Alikuja na picha ya mzee, amevaa koti lake la ibada.

"Noella, weka foto kubwa. Mutu iko mugonjwa, bantu banapaswa kumuona. Na ile kadre ya mawingu na maroza, njo nzuri."

"Pasta, ile kadre ni ya bantu balikufa. Bantu banaijua."

"Ile ni maua tu. Maua iko ya bantu bote."

Nilibisha kiasi cha mtu anayelipwa na anayembishia. Picha ikawekwa, kubwa, ndani ya fremu ile, mzee katikati ya mawingu na waridi, na ndani ya picha hiyo hiyo, chini, kwa herufi za mtindo wa kujikunjakunja: "Tumwombee mzee wetu. Mapendo popote ulipo, wasiliana nasi." Maneno yote yalikuwa picha. Nikatuma.

Kwa wale ambao picha zao zimefungwa, jarida lilifika tupu. Kwa wale ambao zilifunguka, likafika kama tangazo la kifo. Nyinyi mmekulia hapa, mnajua: kwetu mtu hawekwi peke yake katikati ya mawingu na waridi mpaka awe amekwisha kuondoka. Hakuna aliyesoma maneno madogo ya chini. Kabla ya mchana Dzaleka nzima ilikuwa na habari. Nyumbani kwa mzee wakaja akina mama na mikeka, vijana wakafunga turubai, kuni zikaletwa, mtu akaleta viti vya kanisa, na kilio kikaanza kwa utaratibu wake. Jirani mmoja mwenye busara akaona ni vizuri kupiga simu ya mzee mwenyewe, akidhani imeshikwa na dada yake, aulize mambo ya maziko.

Simu ilishikwa na mzee.

"Pole sana kwa msiba," akasema jirani. "Tulitaka kujua, mwili itafika siku gani?"

"Mwili njo mi," mzee akajibu. "Iko inakula nsima. Itafika wakati itashiba."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wanasema, lakini mzee wetu aliionja akiwa kitandani na sahani ya ugali mkononi. Watu walicheka kwa siku nyingi, na viti vilirudishwa kanisani. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nafikiria Mapendo. Kama picha zake zimefungwa, amepata karatasi nyeupe. Kama zimefunguka, anaamini baba yake ameshakufa bila kumwita, na mtu anayeamini hivyo hana sababu ya kupanda gari. Njia zote mbili tulikuwa tumemfungia mlango, na mzee alikuwa anapungua. Niliogopa, nawaambia ukweli. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaona kazi yote ya miaka ile haina maana kama haiwezi kumwambia mtu mmoja kwamba baba yake yu hai.

Nikamwendea Mchungaji. Alikuwa ameketi, ameinama, hana hamu ya rangi tena. Nikamwambia jarida la pili lisiwe na picha hata moja, na mstari wa kwanza uanze na jina la Mapendo.

Hapo akainua kichwa. "Apana, Noella. Hauwezi kuita mutoto wa mutu mbele ya kusalimia bazee. Salamu kwanza, makanisa, mafamilia, kisha ugonjwa ku mwisho. Vile njo tunasemaka habari mbaya."

"Pasta, ku simu, ule mustari wa kwanza njo unaonekana kabla mutu afungue. Akiona salamu atasema ni jarida ya kila mwezi."

Alifikiri. Halafu akasema neno ambalo mimi, na ufundi wangu wote, nisingelifikia.

"Sawa, weka jina yake mbele. Lakini usiandike 'kuja, baba anakuita'. Hataamini. Baba alisemaka mbele ya bantu, na ile neno haiwezi kuondolewa na sekretere. Haiwezi kuondolewa na mi pia. Enda Likuni umuulize yeye mwenyewe. Kile atasema, njo uandike, usiongeze kitu."

Nilikwenda Likuni asubuhi yake. Mzee alikuwa amekaa juu ya kitanda, amekonda, na kichwa chake kilikuwa na nywele nyingi nyeupe zilizosimama upande mmoja na kulala upande mwingine. Muuguzi, msichana wa Kimalawi, alinipa kiti akasema zikomo, yaani asante, kana kwamba ni mimi niliyempa yeye. Nikamweleza mzee shida yetu. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mi siwezi kusema 'kuja'," akasema. "Nilisema neno, bantu balisikia."

"Basi niandike nini, muzee?"

Akapitisha mkono kichwani, nyuma na mbele, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Andika hivi. Wilondja iko anauliza, nani atamukata nywele."

"Ile tu?"

"Ile tu. Atajua. Tangu alikuwa mutoto hakuna mutu mwingine aligusaka kichwa yangu. Alipoenda, nikapata bale bakinyozi ba Dzaleka, ona vile balinifanya."

Nikaangalia. Kwa kweli walikuwa wamemfanya vibaya.

Nilirudi ofisini nikaandika. Kichwa cha barua: "Mapendo, baba yako Wilondja anauliza nani atamkata nywele". Mstari wa kwanza ukarudia maneno yale yale, na kuongeza kwamba aliyasema leo, kitandani, hospitali ya Likuni. Ndipo zikafuata salamu kwa wazee na makanisa, zote, kwa mpangilio wa Mchungaji, sikuruka hata moja. Halafu wodi, saa za kuona wagonjwa, na namba ya simu ya shangazi yake, yule dada wa mzee. Herufi nyeusi, za kawaida, kubwa kidogo. Hakuna mstari wala ua. Nilitengeneza pia nakala ya maandishi matupu, ile inayokwenda pamoja na barua kwa ajili ya simu zisizojua kitu kingine. Hiyo msiisahau kamwe.

Papa Deo wakati huo alikuwa haoni tena. Nilikwenda kwake na karatasi. Safari hii hakuniambia nifumbe macho, hapakuwa na haja. Nikamsomea.

Akauliza, "Huyu mutu iko muzima?"

"Umesikia nini, Papa?"

"Nimesikia iko muzima. Mufu haulizake. Na nimesikia anamutaka mutoto yake, na hajasema." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Tuma."

Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake. Nikatuma.

Majibu yalianza kuja. Wengi walishangaa kwamba mzee amefufuka. Kinyozi mmoja wa Lilongwe alijitolea kwenda kumnyoa bure, na mama mmoja aliye nchi ya mbali aliuliza kama sasa jarida limeanza kutangaza biashara za nywele. Wengine walisema wamemwona Mapendo Johannesburg, wengine Cape Town, mmoja aliapa kuwa amekuwa nabii. Kila barua ilipoingia nilifungua upesi, na kila mara haikuwa yeye. Shangazi yake alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni, hasemi kitu, anapumua tu, nami namwambia bado.

Halafu ikaja moja fupi. "Niko Madisi. Nitashuka wapi?"

Madisi! Wilaya hii hii ya Dowa. Tulikuwa tumetafuta mpaka ncha ya Afrika, na mtoto yuko hapa anashona, mahali ambapo mahindi ya Dzaleka yanaenda kuuzwa.

Nilimpokea stendi ya Lilongwe, kwa sababu aliomba asiingie hospitali peke yake. Nilimfahamu kwa mwendo, ni wa baba yake mtupu. Amenenepa kidogo, amevaa vizuri, amekumbatia mfuko. Tulipokuwa tunaelekea Likuni nilimuuliza kama aliliona jarida la kwanza, lile la mawingu.

"Nilipata barua, ilikuwa tupu. Mi nilifungaka mapicha zamani ju mega ya bando isiishe. Nikasema hawa bantu banatuma barua haina kitu, nikaitupa." Akageuka kunitazama. "Ilikuwa na nini?"

"Maua," nikasema.

Tulitembea. Karibu na lango la hospitali akasimama, akanishika mkono.

"Maman Noella, uniambie kweli. Ile neno ya nywele, ni yeye alisema, ama ni nyinyi mulitunga ju nikuje?"

"Ni yeye."

"Vile vile?"

"Vile vile. Mi niliongeza paka salamu, na ile ni Pasta alitaka."

Akafungua mfuko, kama anayehakikisha. Ndani mlikuwa na kitambaa safi, na juu yake mkasi mkubwa, mweusi wa mpini, wa kukatia vitambaa. Nyinyi mlio na mama fundi mnajua ule mkasi. Mtoto akiugusa kukatia karatasi anapigwa, maana ukikata kitu kingine makali yake yanakufa na kitambaa kinaanza kutafunwa. Nikamuuliza kama kweli anataka kuutumia ule.

"Niko nao moja tu," akasema.

Tukaingia. Mzee alikuwa amekaa, mto nyuma ya mgongo, dada yake pembeni. Dada akainuka, akafunika mdomo kwa kitenge. Mapendo akapiga magoti kando ya kitanda na kusema, "Baba."

Mzee alimtazama. Hakumsalimu, hakuuliza alikotoka wala mume yuko wapi. Alichukua kile kitambaa mwenyewe, akajifunga mabegani, akamgeuzia kichwa.

"Anzia ku nyuma," akasema.